William Marshal: wafalme watano, kiapo kimoja kwa wakati mmoja

Swali la msomaji: "Nafundisha historia sekondari. Nimesoma kwamba bwana mmoja wa Kiingereza, William Marshal, aliongoza jeshi vitani na kushinda akiwa na miaka 70. Nimesoma pia kwamba aliwatumikia wafalme watano, na baadhi yao walipigana wao kwa wao. Kwetu mtu wa namna hiyo tungemwita ndumilakuwili, lakini huyu anatajwa kuwa mwaminifu kuliko wote. Je, ustadi wake wa vita ulikuwa wa kweli au ni sifa za washairi? Na huo uaminifu ni upi?"

Mwalimu, nikujibu kwanza kwa ufupi. Ustadi wake ulikuwa wa kweli, ila haukuwa wa kuongoza vita vikubwa uwandani. Vita vya namna hiyo alipigana vichache mno. Na lile neno lako, ndumilakuwili, linamshika mahali pamoja tu katika miaka 70 na ushee, nako ni mwaka 1205. Kwingine kote linamkosa, nami nitajaribu kukuonyesha kwa nini.

Kabla sijaanza, ujue habari zake zinatoka wapi. Hati za kiserikali zinatupa vyeo, ardhi na tarehe, na watawa walioandika kumbukumbu za mwaka hadi mwaka wanatupa vita. Lakini mtu mwenyewe, sauti yake na hasira zake, tunampata katika shairi moja refu la Kifaransa cha kale lenye mishororo 19,214, lililotungwa miaka ya 1220 kwa gharama ya mwanawe mkubwa. Sisi tuliolelewa na tenzi tunalitambua mara moja: vina vinavyokwenda viwili viwili, shujaa aliyewazidi wote, na jamaa wa marehemu wameketi wanasikiliza. Mtaalamu Mfaransa Paul Meyer aliliona mnadani London mwaka 1861, likanunuliwa na kutoweka, akalisaka hadi akalipata tena mwaka 1881. Mimi nalisoma kama ninavyosoma sifa za Fumo Liyongo. Tukio nalishika pale kumbukumbu nyingine zinapoliunga mkono. Maneno ya vinywani nayapokea kama maneno ya mshairi.

William alizaliwa mwaka 1146 au 1147, mtoto wa nne wa kiume wa John Marshal. Hilo "Marshal" lilikuwa jina la kazi: msimamizi wa farasi na mazizi ya mfalme. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imepasuka kati ya mfalme Stephen na binamu yake Matilda, waliogombea kiti kimoja. Mwaka 1152 Stephen aliizingira ngome ya John pale Newbury. John akaomba muda wa kutafakari, na kama dhamana akamtoa William, mtoto wa miaka mitano hivi, awekwe rehani. Halafu akautumia muda ule kuingiza chakula na askari ngomeni. Stephen akatuma neno kwamba mtoto atanyongwa. Baba akajibu, kwa mujibu wa shairi, kwamba nyundo na fuawe anazo bado, atafua watoto wengine bora kuliko huyo.

Mtoto alipelekwa kunyongwa, na baadaye wakasema arushwe ukutani kwa mtambo wa mawe, lakini Stephen hakuwa na moyo wa kuua mtoto. Siku zilizofuata mfalme na rehani wake walikutwa hemani wakicheza vita kwa mabua. Nalitaja hili kwa sababu mtu huyu, kabla hajajua kusoma (na hakuwahi kujua), alishajua kiapo kikivunjwa ni nani anayelipa.

Baba alipofariki mwaka 1165, William hakurithi hata shamba. Alikuwa amepelekwa Normandy, upande wa Ufaransa uliokuwa chini ya mfalme wa Uingereza, kulelewa katika nyumba ya jamaa yao, bwana wa Tancarville. Huko alijifunza farasi, mkuki na dirii. Lugha yake ya kila siku ilikuwa Kifaransa, kama ilivyokuwa kwa mabwana wote wa tabaka lake. Tunapomwita "bwana wa Kiingereza" tunasema habari za ardhi na utii, si za ulimi. Akiwa na miaka 20 hivi akavikwa upanga, akawa askari kamili wa farasi.

Pigano lake la kwanza, pale Neufchâtel-en-Bray, alipigana vizuri mno kwa ajili ya wenzake, akapoteza farasi wake, na asichukue ngawira yoyote. Usiku mezani bwana mmoja akamwomba zawadi, hata mkanda mkuukuu wa farasi. William akasema hajawahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Watu wakacheka, maana siku ile ile alikuwa ameangusha maadui wengi, kila mmoja na farasi wake. Baadaye ikabidi auze joho la sherehe yake apate kanyama ka kubebea mizigo. Hakurudia kosa hilo maishani.

Shule yake halisi ikawa mashindano ya kivita ya Ufaransa ya kaskazini. Usifikirie uwanja wenye uzio, na watu wawili wakijiana kwa mikuki. Hayo yalikuja karne za baadaye. Siku zake, makundi mawili ya mamia ya wapanda farasi yaligongana katika eneo la vijiji viwili au vitatu, wakapita mashambani, vichochoroni, mitoni. Lengo lilikuwa kumkamata mtu akiwa hai: aliyekamatwa alipoteza farasi na silaha, na kujikomboa kwa fedha. Hayo yalikuwa mazoezi ya vita, na kwa kijana asiye na urithi yalikuwa biashara. William aliingia ubia na mwenzake mmoja, Roger de Gaugi. Kati ya Pentekoste na Kwaresima wakakamata askari 103. Makarani wa jikoni ndio walioandika hesabu.

Hapo ndipo ustadi wake ulipofuliwa, na natumia neno hilo kwa kukusudia. Pale Pleurs, katika jimbo la Champagne, alitunukiwa samaki mkubwa kama mshindi wa siku. Waliompelekea tuzo hawakumwona hemani kwake. Wakamkuta kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi akigonga chapeo iliyobondeka hadi ikakataa kuvulika kichwani. Alijifunza kusoma kundi la farasi linavyopanuka na kukazika, kujua ni lini wenzake wamesambaa mno, kukamata hatamu ya adui na kumvuta nje ya kundi lake. Alijifunza pia kusubiri mpaka wengine wachoke. Utaona matunda ya hayo Lincoln, miaka 40 baadaye.

Sasa nije kwenye wafalme, maana ndipo swali lako lilipo. Mwaka 1168 mjomba wake, Patrick wa Salisbury, aliuawa ghafla huko Poitou akiwa hana dirii. William alipigana peke yake, mgongo kwenye ua wa miti, mpaka mtu akapenya nyuma ya ua na kumchoma paja. Akachukuliwa mateka, jeraha likifungwa kwa vitambaa vya kuokoteza. Malkia Eleanor, aliyekuwa akisindikizwa na msafara ule, akamkomboa. Miaka miwili baadaye mume wake, Henry II, mfalme wa Uingereza, alimtawaza mwanawe akiwa hai bado; huyo ndiye Henry Kijana, mfalme asiye na nchi, na William akawekwa nyumbani kwake kama mwalimu wa vita.

Mwaka 1173 Henry Kijana alimwasi baba yake. William akabaki na kijana. Je, huo si usaliti kwa mfalme mkubwa? Kwa fikra za wakati ule, hapana. Kiapo chake alimpa mtu, hakukipa taifa. Ulipoweka viganja vyako ndani ya viganja vya bwana wako, ulifungwa naye: adui yake ni adui yako, na kosa lake ni aibu yako pia. Yeye naye alifungwa nawe, akulishe, akuvike, akulinde. Fundo hilo lilifunguliwa kwa kifo, au kwa bwana mwenyewe kukuachilia. Ukilielewa hilo, Mwalimu, wafalme watano hawashangazi tena. Alimzika mmoja ndipo akamwendea mwingine.

Henry Kijana alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu pale Martel mwezi Juni 1183, akiwa na deni la nadhiri: aliapa kwenda Yerusalemu. William akalibeba joho lenye msalaba la marehemu hadi huko, akatimiza nadhiri ya mtu mwingine, akarudi kabla Salahuddin hajaliangamiza jeshi la Wakristo pale Hattin mwaka 1187. Akamwendea Henry II, baba mtu.

Mwezi Juni 1189 mzee huyo alikuwa anakimbia kutoka Le Mans, mgonjwa, akifukuzwa na mwanawe mwingine, Richard, ambaye baadaye aliitwa Moyo wa Simba. Mabwana wengi walishaona jua linatua, wakahamia kwa Richard. William alikuwa nyuma kabisa akilinda mgongo wa mfalme anayekufa. Richard akaja mbio bila dirii. William akageuza farasi, akaelekeza mkuki. Richard akapiga kelele kwamba hana silaha mwilini, si haki kumuua. William akasema ibilisi ndiye amuue, akashusha ncha na kumchoma farasi. Mwezi uliofuata Henry akafariki Chinon, watumishi wakamvua hata nguo, na William akawa miongoni mwa waliompeleka Fontevraud kuzikwa.

Richard, sasa mfalme, akamwita na kumshutumu kwamba alitaka kumuua. Jibu la William lilikuwa kwamba mkono wake bado una nguvu ya kuelekeza mkuki anapotaka. Angetaka mtu, angempata mtu. Richard akamsamehe, na zaidi ya kumsamehe akamwoza Isabel de Clare, binti aliyekuwa chini ya ulinzi wa mfalme katika ngome ya London. Kwa siku moja askari asiye na urithi, mwenye miaka 40 na zaidi, akawa miongoni mwa mabwana wakubwa kabisa: ngome ya Chepstow mpakani mwa Wales, ardhi Normandy, na madai ya Leinster, Ireland. Hiyo Leinster ilitekwa kwa upanga kutoka kwa wenyewe; mama wa Isabel, Aoife, alikuwa binti wa mfalme wa huko aliyewaalika wageni wamsaidie vitani, na wageni hawakuondoka. Sitaki tupite juu ya hilo kana kwamba ni mahari tu.

Kwa nini Richard alimlipa mtu aliyemwangusha? Kwa sababu alimwona akisimama na bwana anayeshindwa, ilhali wengine wanahama. Mfalme mwenye akili anamtaka mtu huyo kwa siku yake mwenyewe ya kushindwa. Uaminifu wa William ulikuwa imani, sina shaka, lakini pia ulikuwa mali inayoonekana.

Vita vya Richard nitavipita haraka, kwa kuwa ni mfululizo wa kuzingira ngome na kuchoma mashamba, ndiyo sura ya kawaida ya vita vya zama zile. Tukio moja tu: mwaka 1197, pale Milly, William mwenye miaka 50 aliona mwenzake amekwama juu ya ngazi ukutani, akaparamia na dirii zake zote, akampiga mkuu wa ngome kwa pigo moja, kisha kwa kuchoka akamkalia. Richard alimkaripia: bwana wa cheo chake hana kazi juu ya ngazi.

Richard alifariki mwaka 1199, na John, ndugu yake, akamthibitisha William kuwa mkuu wa jimbo la Pembroke. Na hapa ndipo ilipo ile 1205 niliyokutajia. John alikuwa amepoteza Normandy kwa Philip wa Ufaransa. William hakutaka kuzipoteza ardhi zake za huko, akaweka viganja kwa Philip pia. John alipomtaka avuke bahari wakapigane, akakataa: hawezi kumpiga bwana wake wa upande ule. Alidai John mwenyewe alimruhusu kuapa. John akasema hakuruhusu kiapo cha namna ile. Mimi naona alifahamu vizuri anachofanya. Mtu mmoja, mabwana wawili, vita kati yao: hiyo ndiyo ndumilakuwili yenyewe. Akailipia. John akamchukua mwanawe mkubwa kuwa rehani, kisha wa pili, naye akaenda Ireland na kukaa miaka mingi mbali na baraza. Mtoto wa Newbury sasa alikuwa baba anayetoa watoto. Tofauti yake na John Marshal ni kwamba baada ya hapo hakuasi, na watoto wakarudi salama.

Mwaka 1215 mabwana walipomwasi John na kumlazimisha kuidhinisha Magna Carta, ile Hati Kuu, William alibaki upande wa mfalme, jina lake limo katika utangulizi wa hati. Mwanawe mkubwa alikuwa upande wa pili, mmoja wa wale 25 waliochaguliwa kumsimamia mfalme aitekeleze. Wengine husema familia ilijiwekea akiba pande zote mbili. Inawezekana kabisa.

John akaikana hati, waasi wakamwalika Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, na kufikia Oktoba 1216, John alipofariki Newark, London na karibu nusu ya nchi ilikuwa mikononi mwao. Mrithi, Henry III, alikuwa na miaka 9. Akatawazwa Gloucester tarehe 28 Oktoba, na mabwana waliobaki wakamwomba William awe wasii wa mtoto na wa ufalme. Alisita. Alikuwa karibu miaka 70, hazina tupu. Shairi linasema alilia, kisha akaapa kwamba hata wote wakimkimbia, atambeba mtoto mabegani kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata kama ni kuombaomba mkate.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa karatasi. Mwezi Novemba akaitoa upya Magna Carta, ile waliyoipigania waasi, ikiwa imepunguzwa baadhi ya vifungu, kwa mhuri wake na wa Guala, balozi wa Papa, kwa kuwa mtoto hakuwa na mhuri. Ghafla waasi hawakuwa na la kudai tena isipokuwa mfalme mgeni. Naona hilo ndilo shambulio lake bora kuliko yote.

La pili ni Lincoln. Louis alifanya kosa la kugawa jeshi: nusu ikizingira Dover, nusu ikisaidia kuizingira ngome ya Lincoln, iliyokuwa ikishikiliwa na mwanamke mtu mzima, Nicola de la Haye, aliyekataa kusalimu. William akaona nafasi ambayo haitarudi. Akakusanya watu Newark, askari wa farasi 406 na wapiga pinde za mtambo 317, kwa hesabu ya shairi. Adui walikuwa wengi zaidi. Mji wa Lincoln uko juu ya kilima, na upande wa kusini ni mteremko mkali. Akazunguka, akaja kutokea kaskazini-magharibi, ambako ardhi ni tambarare.

Jumamosi tarehe 20 Mei 1217 Wafaransa waliona bendera nyingi, zikiwemo za ziada kwenye mizigo, wakadhani jeshi ni kubwa kuliko lilivyokuwa, wakajifungia ndani ya kuta. Ngome ilikuwa na mlango wake wa nje upande wa magharibi. Fawkes de Bréauté, kamanda wa upande wa mfalme, akaingia humo na wapiga pinde, wakapanda kutani na kuanza kuwaua farasi wa adui waliosongamana mjini. Wakati huo huo askofu wa Winchester, Peter des Roches, akapeleleza lango la mji lililozibwa kwa mawe, likazibuliwa. Mzee William akataka kuingia kwanza. Mtumishi kijana akamkimbilia: bwana, chapeo yako. Alikuwa ameisahau.

Ndani mlikuwa kama yale mashindano ya ujanani: vichochoro, farasi, hatamu, kundi kuligawa kundi. Mbele ya kanisa kuu alikuwapo bwana mkuu wa jimbo la Perche, kamanda wa Wafaransa, jamaa wa damu wa William. Mkuki wa mtu mwingine ulikuwa umeshapenya tundu la jicho la chapeo yake. Hata hivyo alimpiga William kichwani mara tatu kwa mikono miwili, akaacha mabonde, kisha akaanguka. Watu wakadhani amezimia, chapeo ilipovuliwa wakakuta amekufa. Adui wakaporomoka kwenye ule mteremko wa kusini, wengi wakakamatwa. Baada ya ushindi askari wa William waliupora mji, makanisa pia, na kina mama waliokimbilia mashua pamoja na watoto wakazama kwa kuzidiwa na mizigo. Sifa zote za siku ile zisomwe na hilo likiwa pembeni yake.

Tarehe 24 Agosti meli za msaada kutoka Ufaransa zilipambana na Waingereza mbele ya Sandwich. William akashawishiwa abaki pwani. Hubert de Burgh akaongoza, akazipita meli za adui mpaka akakaa upande wa goshini, na wanaume wake wakatupa unga wa chokaa uwapofushe waliokuwa demani. Mwezi uliofuata Louis akakubali kuondoka na kulipwa fedha, maki 10,000 za wakati ule. Waasi wakarudishiwa ardhi zao. Wapo waliomlaumu mzee kwa kumwachia adui aende na fedha mkononi, ila nchi ilikuwa imefilisika, naye alitaka vita viishe kabla hajafa.

Mapema mwaka 1219 akaugua. Akapelekwa kwa mashua juu ya mto Thames hadi nyumbani kwake Caversham. Akamkabidhi mfalme mtoto kwa balozi wa Papa, mbele ya wote, kwa kuwa hakumwamini bwana yeyote. Akajiunga na shirika la Watempla, watawa waliokuwa pia askari, kama alivyonadhiri zamani huko Yerusalemu, na ndiyo maana kaburi lake liko katika kanisa lao London, sanamu yake ya jiwe imelala juu, ikiwa na majeraha ya mabomu ya mwaka 1941. Walipomwambia kwamba hatasamehewa asiporudisha alivyowanyang'anya watu, alijibu kwamba amekamata askari 500 maishani, farasi na silaha zao. Kama pepo imefungwa kwa hilo, basi, hana awezalo.

Kisha karani wake akamshauri auze nguo za manyoya zilizokuwa stoo, fedha ziende kwenye sala za kuiombea roho yake. Mzee akakasirika, akamwambia anyamaze. Pentekoste ilikuwa inakaribia, siku ambayo askari wa nyumba hupewa nguo zao, na wake hawajapata. Akaagiza zigawiwe kwa kila mmoja, na zikipungua zinunuliwe nyingine London. Alifariki tarehe 14 Mei, siku 12 kabla ya sikukuu.